Aliyejibu Maswali

Siku mkaguzi alipokuja, mfumaji alifanya kosa moja tu: aliinuka kwenda kuchemsha chai.

Mengine yote aliyafanya sawa. Alifagia mara mbili, ingawa sakafu ilikuwa ileile na vumbi lilelile. Alipanga sweta tano za shule juu ya meza, kubwa chini, ndogo juu, mikono imekunjwa kwa nyuma kama watoto walioambiwa wasiguse kitu. Kochi alilifunika kitambaa pale sponji ilipokuwa inachungulia. Daftari la biashara aliliweka pembeni, limefunguliwa kwenye ukurasa wenye mwandiko mzuri kuliko yote. Alikuwa ameoga, amevaa gauni la heshima, na kichwani alikuwa na majibu ya wiki nane.

Wiki nane hizo alizikaa kwenye kituo cha mafunzo, yeye na wanawake wengine ishirini na watatu, kwenye viti vya plastiki vinavyoacha alama mapajani. Walifundishwa kupanga bei, kutunza daftari, kuongea na mteja mkorofi bila kumrushia kitu. Mwisho wa mafunzo kila mmoja angekaguliwa nyumbani kwake, na atakayefaulu angepewa kifaa cha kazi yake. Msusi, mashine ya kukaushia nywele. Mfumaji, mashine ya kufuma.

Na mashine hiyo aliitaka mpaka aliiota. Kwa mkono, sweta moja ilimchukua siku sita na maumivu ya shingo. Kwa mashine, sweta mbili kwa siku. Mwalimu mkuu wa shule ya jirani alikuwa amemwambia wazi: "Nataka sitini kabla ya shule kufunguliwa. Ukiweza, kazi ni yako, na mwaka ujao pia. Ukishindwa, nanunua dukani." Zilibaki wiki tisa. Mfumaji alikuwa amepiga hesabu mbele, nyuma na ubavuni, na kila upande jibu lilikuwa mashine.

"Hodi," alisema mkaguzi mlangoni. Alikuwa dada wa miaka thelathini hivi, amevaa raba, amekumbatia faili la bluu.

"Karibu, karibu ndani!" aliitika mume wa mfumaji kabla mtu mwingine hajafungua mdomo.

Mume huyu alikuwa fundi rangi, na mtaa mzima ulimwita Redio, kwa sababu alianza na matangazo asubuhi na hakuzimika mpaka alale. Hakuwa mtu mbaya. Siku hiyo alikuwa ameacha ukuta wa watu umepakwa nusu ili amsaidie mkewe. Alivaa shati la kwendea harusini. Alimkalisha mkaguzi kwenye kochi, akavuta kiti chake mbele yake mpaka magoti yakakaribia kugusana.

Mgeni ameketi, mwenyeji mume ameketi, mama mkwe yuko kwenye mkeka wake karibu na mlango. Mfumaji akafanya alichofanya kila siku ya maisha yake mgeni anapoketi. Akaenda jikoni.

Mkaa ulikuwa na unyevu. Alipuliza, akapepea na kifuniko cha sufuria, moshi ukamwingia machoni. Kutoka sebuleni alisikia sauti ya mumewe ikipanda na kushuka, kisha kicheko, kisha mumewe tena. Maneno hakuyapata. Akajisemea, mambo yanakwenda vizuri.

Sebuleni mkaguzi alikuwa amefungua faili. "Nani mwenye biashara?"

"Ni hapa hapa," alisema Redio. "Sisi wote. Sisi tunafuma."

"Sweta moja ya mtoto inakula uzi kiasi gani?"

Redio alitazama dari kama anayekadiria ndoo za rangi. "Sweta... weka kilo mbili."

Mama mkwe alikohoa. Kilo mbili ni blanketi, tena la watu wawili wasiopendana.

"Kilo mbili," mkaguzi akaandika. "Bei mnapangaje?"

"Bei naangalia mtu. Mwenye gari ana bei yake, mwenye ndala ana yake."

"Na hili daftari, nani anaandika?"

"Hesabu ni mimi," alisema Redio, akajigonga paji la uso. "Hesabu zote za nyumba hii zimo humu. Daftari ni la kuonyesha wageni tu."

Mfumaji alipoingia na sinia, mkaguzi alikuwa anafunga faili. "Nimeshapata nilichokuwa nataka," alisema. Alikunywa nusu kikombe, akasifia, akashukuru. Redio alimsindikiza mpaka barabarani, akampungia mkono hadi akapotea, akarudi anang'aa.

"Tumepita! Hakuna swali lililonishinda."

"Kakuuliza nini?" mkewe alimwuliza, sinia bado mkononi.

"Vitu vidogo vidogo."

"Kilo mbili," alisema mama mkwe kutoka mkekani.

"Kilo mbili za nini, mama?"

"Muulize Redio."

*

Alhamisi iliyofuata majina yalibandikwa kwenye mlango wa kituo. Wanawake walijazana hapo, mmoja anamsomea mwingine, mmoja anapiga vigelegele, mwingine anamtuliza asimpigie sikioni. Mfumaji alisoma kutoka juu kwenda chini. Kisha akasoma kutoka chini kwenda juu, labda jina lilipanda kinyumenyume.

"Lako liko wapi?" aliuliza msusi, ambaye lake lilikuwa la tatu na alikuwa ameshaliwekea kidole ili lisitoroke.

"Sijaliona."

"Angalia vizuri. Wewe? Wewe uliyekuwa unatusahihisha sisi sote hesabu?"

Wengine wakageuka. Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililomuuma. Wangecheka angekasirika, na hasira ingemshikilia asimame wima. Walimpisha njia kama mtu aliyefiwa, akaingia ofisini.

Mwalimu wa mafunzo alikuwa mama mnene, mpole, mwenye miwani inayoshuka puani kila akiinama. Alilitafuta faili, akalifungua, akalisoma kimya, akapandisha miwani. Kisha akaligeuza ili mfumaji ajisomee.

Fomu ilikuwa na sehemu chini kabisa. *Aliyejibu maswali: mume. Mshiriki wa mafunzo: alikuwa akihudumia wageni.*

Mfumaji aliisoma mara tatu. "Mgeni alikuwa mmoja," alisema.

"Najua, mwanangu."

"Na mume wangu hajawahi kushika sindano ya kufumia, labda kukunia mgongo."

"Najua. Lakini sikia na upande wangu." Mwalimu aliegemea kiti kikalia. "Mwaka jana tulitoa cherehani tatu. Tulipokwenda kutazama baada ya miezi minne, mbili zilishauzwa na waume, na ya tatu ilikuwa imewekewa televisheni juu. Ndiyo maana siku hizi mkaguzi haulizi biashara inaendaje tu. Anaangalia nani anajibu. Kwako kajibu mume, tena kajibu ovyo. Kilo mbili! Huyo anafuma sweta za tembo?"

Mfumaji alitaka kucheka, machozi yakatangulia. Aliyafuta kwa kiganja, haraka, kama mtu anayefuta meza mteja akiwa amesimama.

"Nilikwenda kuchemsha chai," alisema.

Mwalimu alilifunga faili. "Wiki nane," alisema, "tumefundisha bei, tumefundisha akiba, tumefundisha kumkopesha jirani na kutomkopesha. Kukaa kitini hatukufundisha. Nani angejua ni somo?" Alichukua kalamu. "Kuna ukaguzi wa pili. Ni mmoja tu, ndani ya wiki mbili. Siku hatutakwambia, saa hatutakwambia. Atakuja yuleyule. Safari hii ukienda jikoni, baki hukohuko."

*

Nyumbani alimweleza mumewe bila kupandisha sauti, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

"Nilikuwa nakusaidia," alisema Redio.

"Umenisaidia mpaka nimekosa."

"Kwa hiyo mimi ndiye mwizi wa mashine? Mimi nimeacha kazi ya watu, nimevaa shati la harusi, nimekaa na mgeni wako..."

"Wangu. Umesema mwenyewe. Mgeni wangu."

Redio alisusa siku mbili nzima. Asubuhi ya pili jirani aligonga kuuliza kama nyumba ile kuna mgonjwa, maana hajasikia kitu. Mama mkwe akamjibu kwamba hakuna mgonjwa, ni betri tu.

Mama mkwe mwenyewe alikuwa bibi mwembamba wa miaka sabini na ushee, macho yake madogo hayakupitwa na kitu. Jioni ya siku ya tatu, walipomaliza kula, alijitwalia sinia akalikumbatia kifuani, akachukua miwani ya marehemu mumewe yenye kioo kimoja, akatoka nje, akafunga mlango.

"Hodi!"

Mfumaji na mumewe walitazamana.

"Hodi, wenyewe hawapo? Nimekuja na faili!"

"Karibu, mama," alisema Redio, kwa uchovu.

"Mimi siyo mama yako. Mimi ni mkaguzi, na nimesikia habari zako." Bibi aliingia, akaketi kwenye kochi, akapekua sinia. "Enhe. Sweta moja ya mtoto wa darasa la kwanza inakula uzi kiasi gani?"

Redio alisahau kwamba amesusa. "Kumbe ni—"

"Umefeli. Mke wako yuko wapi?"

Mke wake alikuwa mlangoni mwa jikoni, mkono mmoja umeshashika birika. Hakujua amefikaje. Aliposikia hodi, miguu iliinuka yenyewe, kama inavyoinuka kila siku.

"Na wewe umefeli," alisema mkaguzi wa sinia. "Nyumba nzima imefeli. Narudi kesho."

Akarudi kesho, na keshokutwa. Wakati mwingine alikuja asubuhi, wakati mwingine Redio akiwa ananawa rangi vidoleni, povu mpaka kwenye kiwiko. Mfumaji alijifunza kubaki kitini. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kufuma kola. Aliweka mikono mapajani, akajibana, akajibu: robo kilo na kidogo kwa wa darasa la kwanza, nusu kilo kasoro kwa wa darasa la saba, bei ni uzi, vifungo, nauli na siku zangu sita, kisha faida juu yake, mwenye gari na mwenye ndala bei moja.

Redio alisikiliza siku baada ya siku, na kwa kuwa hakuwa mjinga, majibu yakamwingia. Hapo taabu yake ikaongezeka maradufu.

"Sweta moja inakula uzi kiasi gani?" aliuliza mama yake, akimkazia kile kioo kimoja.

"Robo kilo na kidogo!"

"Umefeli."

"Lakini ni sahihi, mama!"

"Ni sahihi, na umefeli."

"Sasa mtu nikijua nisiseme?"

"Mwanangu," alisema bibi, "mkeo amekuwa akijua na hasemi tangu mlipooana, na hajapasuka."

Mfumaji alicheka, mara ya kwanza tangu Alhamisi ile. Redio naye akacheka, kwa shingo upande kidogo. Bibi hakucheka. Alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa nguo, pande zote mbili, hata upande usio na kioo.

"Mimi katika nyumba ya baba yenu niliinuka miaka arobaini," alisema. "Wageni wamekuja wa mashamba, wa posa, wa matanga, wa kugombea mipaka. Sijawahi kusikia mwisho wa mazungumzo hata mamoja. Mpaka leo kuna shamba sijui liliuzwa kwa nani." Akavaa miwani. "Haya. Hodi!"

*

Mkaguzi wa kweli alikuja siku ya kumi na moja, kukinyesha mvua, na mfumaji hakuwepo.

Alikuwa ameitwa shuleni asubuhi ile. Mwalimu mkuu alitaka kuona kipimo cha sweta ya mtoto mdogo, na jambo la mtu wa sweta sitini haliwekwi kesho. Aliondoka mbio na sweta ndani ya mfuko wa plastiki. Simu aliiacha juu ya meza, kwenye chaji. Redio alikuwa nyumbani kwa sababu ukuta haupakwi rangi mvua ikinyesha. Unakubali leo, wiki ijayo unajivua.

"Hodi."

Redio alimtazama mama yake kwenye mkeka, sinia haliko mkononi mwake. Akaelewa. Huyu alikuwa wa kweli.

"Karibu ndani, dada."

Mkaguzi alikung'uta mwavuli, akamwamkia bibi, bibi akaitika marahaba ndefu yenye furaha tele. Akaketi. "Mwenyewe yupo?"

"Mwenyewe kaenda shule. Anakuja. Anakuja sasa hivi."

"Mpigie."

Redio alipiga. Simu ikaita pale mezani, sentimita ishirini kutoka kwenye faili. Wote watatu waliisikiliza mpaka ikanyamaza.

Mkaguzi alitazama saa. "Nitamsubiri robo saa. Nina nyumba nyingine mbili, na mvua ndiyo hii. Akichelewa nitaandika hakuwepo." Alifungua faili. "Wakati tunasubiri, labda wewe uniambie..."

"Usiniulize," alisema Redio.

Mkaguzi aliinua macho.

"Nakuomba, dada yangu. Usiniulize kitu cha sweta."

"Hata uzi?"

"Hasa uzi."

Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino. Robo kilo na kidogo ilikuwa imemkaa kooni, inasukuma kutoka. Aliketi juu ya viganja vyake. Mama yake kwenye mkeka hakuwa amefurahi hivyo tangu mwanawe aote meno.

Dakika tano zikapita. Mvua ikaongezeka. Mkaguzi alitazama saa, akatazama mlango, akafunga faili nusu. Na Redio, aliyekuwa akimtazama kwa hofu kama kuku anayetazama kisu, akaona kitu begani mwake: unga mweupe kwenye koti la bluu, mstari mzima, kama aliyeegemea chaki.

"Dada," alisema. "Samahani. Ukuta wa kwenu unatoa unga?"

Mkaguzi alijigusa bega. "Umejuaje?"

"Koridoni? Au chumbani?"

"Chumbani. Karibu na kitanda. Nimepaka mara mbili mwaka huu. Inakaa miezi miwili, inavimba, inabanduka kama ngozi ya nyoka."

"Ulipaka juu ya ile ya zamani?"

"Fundi alisema haina shida."

"Fundi!" Redio alitoa viganja alikokuwa amevikalia. "Huyo siyo fundi, huyo ana brashi tu. Sikiliza, dada yangu. Ukuta ukiwa na maji ndani, wewe ukipaka rangi juu umeyafungia mlango. Yale maji yatagonga, yatagonga, mwisho yanatoka na mlango wenyewe. Nje ya ukuta huo kuna nini? Kuna bomba? Kuna tuta la udongo?"

"Kuna bustani. Mama mwenye nyumba anamwagilia."

"Anamwagilia ukuta wako!"

Mfungulie Redio kituo chake, hana mwisho. Alieleza kukwangua mpaka tofali lionekane, kuacha likauke wiki tatu, kusogeza bustani hatua mbili, rangi ya kwanza ipi na ya pili ipi, na jinsi ya kumtambua fundi mwongo kwa kumtazama kucha. Mkaguzi aliuliza, akauliza tena, akatoa karatasi akaandika. Robo saa ilipita bila mtu kuiaga. Nusu saa ikapita. Neno sweta halikutajwa.

Mfumaji aliingia baada ya dakika arobaini, ameloa mpaka ndani ya viatu, mfuko wa plastiki kichwani. Aliona raba za mgeni mlangoni, akaona faili, akaona mume wake mikono ikiwa hewani anaongea. Kajibu tena, aliwaza.

"Mkeo huyo," alisema bibi kwa sauti kubwa.

Redio akakatika katikati ya neno. Akainuka kwenye kiti kilichokuwa mbele ya mkaguzi, akakisogezea mkewe, akaenda kusimama dirishani akiwapa mgongo. Hakusalimia, hakupokea mfuko. Hakuuamini mdomo wake hata kidogo.

Mfumaji alisimama maji yakimchuruzika. Mgeni ameketi, mikono mitupu, koo kavu. Jikoni kulikuwa hatua nne. Alihesabu hatua hizo kwa macho. Kisha akaketi.

"Samahani kwa kukuweka," alisema. "Nilikuwa kwa mteja."

Maswali yalianza. Nani mwenye biashara? Mimi. Uzi kiasi gani? Alijibu, na dirishani mabega ya fundi rangi yakashuka kama mtu aliyetua mzigo. Bei? Akafungua daftari, siyo kwenye ukurasa wa mwandiko mzuri, kwenye ule wa wiki ile, wenye doa la mafuta, akaonyesha. Mteja gani umemkataa na kwa nini? Mama mmoja, alisema, alitaka sweta kwa bei ya uzi kwa sababu walisoma wote. "Nikamwambia kusoma tulisoma wote, kufuma nafuma peke yangu." Mkaguzi akatabasamu kidogo akiandika.

"La mwisho. Mume wako anafanya nini katika biashara hii?"

Jibu la usalama lilikuwa neno moja, na mfumaji alilijua: hakuna. Lilikuwa fupi, lingeingia kwenye mstari wa fomu bila shida. Mgongo wa dirishani haukusogea. Hata bibi aliacha kutafuna kijiti chake cha mswaki.

"Uzi wa kwanza alinunua yeye," alisema mfumaji. "Alipaka nyumba ya ghorofa, hela yote ya wiki akaleta uzi, na rangi yenyewe hakuuliza, akaleta zambarau ambayo hakuna shule inaivaa. Ile zambarau ndiyo niliyojifunzia. Kufuma ni mimi, kupanga bei ni mimi, kukataa mteja ni mimi. Lakini nikikwambia hajafanya kitu nitakuwa nimekudanganya, na hapa nilikuwa sijakudanganya bado."

Mkaguzi aliandika. Aliandika kwa muda mrefu, mistari mingi kuliko nafasi ilivyokuwa, kalamu ikapanda pembeni mwa karatasi. Hakuna aliyeweza kusoma kutoka alipokuwa. Alifunga faili, akaaga, akachukua mwavuli. Mlangoni aligeuka.

"Wiki tatu likauke?" alimwuliza Redio.

Redio alimtazama mkewe kwanza. Mkewe akaitikia kwa kichwa.

"Tatu," alisema Redio. "Nne kama mvua ni hii."

Alipoondoka, hakuna aliyesema tumepita.

*

Alhamisi mfumaji alikwenda kituoni peke yake. Redio alitaka kumsindikiza, bibi akamwambia abaki, kuna mlango unalia na mafuta yapo. Akaupaka mlango mafuta, kisha madirisha, kisha kabati ambalo halikuwa na tatizo. Alitoka barabarani mara sita.

Saa sita na nusu mkewe aliingia. Uso wake haukuwa na habari yoyote. Aliweka mkoba. Akavua viatu, kimoja, kingine, akavipanga. Akaketi kwenye kochi, akanyoosha miguu, akashusha pumzi ndefu ya mtu ambaye hana haraka na dunia.

Redio alisimama katikati ya chumba na chupa ya mafuta mkononi. Midomo ilimcheza. Alimtazama mama yake, mama yake akatazama ukuta. Akasubiri. Kwa wote waliomjua, hiyo ilikuwa zawadi kubwa kuliko uzi.

Mfumaji alimwacha hivyo mpaka akaridhika.

"Inakuja Jumanne," alisema. "Ina urefu wa mita moja na nusu. Inataka meza imara na mwanga wa asubuhi."

Redio alipiga ukelele uliomtoa jirani nje. Akamshika mkewe mikono yote miwili, mafuta na yote, akamzungusha, akamwachia, akaanza mara moja kupima sebule kwa hatua. Hapa kochi. Hapa kabati. Sebule haikutosha, na dirisha lake lilitazama ukuta wa jirani. Chumbani kwao hakukuwa na nafasi hata ya ugomvi. Taratibu macho ya wote wawili yakageukia mlango wa chumba cha bibi, chenye dirisha kubwa upande wa mashariki.

"Msinitazame hivyo," alisema bibi. "Mimi na kitanda changu hatuhami."

"Hutahama, mama," alisema mfumaji. "Tutakisogeza tu ukutani. Utalala nayo chumba kimoja."

Bibi alifikiri. Aliinuka mkekani kwa kujishika kiuno, akaenda mpaka mlangoni mwa chumba chake, akachungulia ndani kama anayemtazama mpangaji mpya kabla hajafika.

"Inakoroma?"

"Mchana tu, mama."

"Basi nimeshapata nafuu kuliko kwa baba yenu," alisema bibi, akaingia kukamata upande wake wa kitanda.